Vitafunio vya paka: kuku wa kukaushwa au biskuti za samaki?

Kwa gharama, biskuti zinashinda bila ubishi. Kopo la jodari wa maji yasiyo na chumvi, yai moja na unga kidogo wa shayiri hutoa vipande vingi. Kuku hukuadhibu: takriban robo tatu ya nyama mbichi ni maji, kwa hiyo trei iliyojaa hubaki kiasi cha kusikitisha.

Kwa lishe, mambo yanageuka. Paka ni mla nyama halisi na hata ladha ya sukari haisikii. Unga kwenye biskuti upo kwa ajili ya kushikanisha tu, yaani unatufaa sisi wapishi. Kuku ni nyama tupu, na kwa paka mwenye mzio ni rahisi kujua kilichomdhuru.

Kazi? Biskuti ni suala la dakika chache ovenini. Kuku apikwe kwanza hadi nyuzi 74 ndani, kwani moto mdogo wa kukaushia huweza kuacha bakteria hai, kisha asubiriwe kwa saa kadhaa. Akikauka barabara hudumu kuliko biskuti, ambazo baada ya siku 3 au 4 za friji zinataka friza.

Paka mzee mwenye meno mabovu mpe biskuti laini. Mnene au mwenye kisukari, kuku. Vyovyote iwavyo, kitunguu na kitunguu saumu ni sumu kwake, na vitafunio visizidi asilimia 10 ya kalori za siku: kama 20 kwa paka wa kilo 4.