Mashine ya gesi ya kukaangia chipsi: uzoefu wangu nayo, na mafundi wawili walioishika

Nasimamia jiko la mgahawa hapa Dodoma. Mashine ninayoizungumzia ni ya gesi, ina matenki mawili, na kila tenki lina swichi na themostati yake, yaani kidhibiti cha joto. Naisifu kwa dhati: chipsi zinaiva sawasawa, na vifaa vyake vya usalama vinafanya kazi. Lakini kwa muda mrefu pale jikoni ilijulikana kama mashine mbovu, na hela nyingi ilitumika kutengeneza kitu kizima.

Lalamiko kubwa lilikuwa moto kuzimika. Mpishi anawasha, pailoti, ule moto mdogo unaowasha moto mkubwa, inashika, akiachia swichi inazima. Akirudiarudia inakubali, kisha mchana wateja wakiwa wamejaa inazima tena. Fundi wa kwanza alisema themokapo imekufa, akabadilisha. Tatizo likarudi. Akasema basi ni valvu, tukanunua valvu, na bei yake si ya kuchezea. Likarudi vilevile. Wakati wote huo hakumwuliza mpishi hata mmoja anaiwashaje, na alikuwa anakuja jioni, kazi imeisha na mashine imepoa.

Fundi wa pili hakufungua hata nati moja siku ya kwanza. Aliomba aje saa za chakula cha mchana, asimame pembeni aangalie. Baadaye akamwambia mpishi wa zamu, "Dada, hebu izime, halafu uiwashe kama unavyoiwasha siku zote." Dada akabonyeza swichi, moto ukashika, akaachia hapo hapo. Ukazimika. "Unaona fundi? Ndivyo inavyotusumbua."

Alimweleza kwa heshima, nasi wote tukasikiliza. Themokapo ni kijiti cha chuma kinachokaa ndani ya moto wa pailoti. Kikipata joto kinazalisha umeme mdogo sana, milivolti chache tu, na umeme huo ndio unaoishikilia valvu isijifunge. Kikiwa cha baridi valvu inafunga, gesi isije ikamwagika jikoni. Kwa hiyo moto ukishashika, swichi inaendelea kubonyezwa kwa sekunde 20 hadi 30 ndipo inaachiwa. Wapishi wetu wengi walianzia kwenye jiko la gesi la nyumbani la mafiga mawili, ambalo ukiwasha unaachia na kuendelea na shughuli zako. Hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba hii ni tofauti.

Ile ya kuzima katikati ya kazi ilikuwa na sababu nyingine: feni. Jikoni kuna joto kali, feni ilikuwa imewekwa sakafuni, na upepo wake ulipita chini ya mashine ukaupinda moto wa pailoti, ukauondoa kwenye kijiti. Na vumbi letu la Dodoma lilikuwa limeziba nusu ya tundu la pailoti, moto umekuwa mdogo na wa njano badala ya bluu. Alilisafisha lile tundu, feni tukaifunga juu ukutani. Themokapo na valvu za zamani, zile tulizoambiwa zimekufa, alizipima mbele yetu. Zote zilikuwa nzima.

Kuna jambo alilolikemea, na mimi nalikemea hapa: kuwasha tena papo hapo kila moto unapozima. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, inatulia chini. Moto ukizima, funga swichi, subiri dakika 5 hewa ipite, ndipo uwashe. Wapishi walikuwa wanabonyeza na kuwasha mfululizo huku nyuso zao ziko karibu na mlango wa chini. Tumshukuru Mungu hakuungua mtu.

Siku nyingine tenki la kulia likagoma kabisa, hata ukishikilia swichi dakika nzima. Nilimpigia simu yule fundi wa pili, akauliza swali moja: mafuta yako wapi, juu au chini ya alama? Yalikuwa chini. Ukutani mwa tenki kuna mstari wa kiwango cha chini, na mafuta yakipungua kupita hapo yaliyobaki yanapata joto kupita kiasi. Mashine ina kinga inayokata kila kitu joto likizidi, pamoja na pailoti, ndiyo maana dalili zake zinafanana na za themokapo mbovu. Dawa yake ni kuacha mafuta yapoe, kuongeza hadi kwenye alama, kisha kubonyeza kitufe chekundu cha kinga. Kwenye mashine yetu kitufe hicho kimefichwa nyuma ya kibati, na kibandiko cha maelekezo kilikuwa kimeshafutika kwa mafuta. Hapo mtengenezaji nampunguzia alama.

Halafu ikaja habari ya moshi na povu, na wapishi wakaamini themostati inadanganya. Fundi alichovya kipimajoto katikati ya mafuta, akaiacha mashine ikate na kuwaka mara kadhaa kabla ya kusoma. Tuliweka nyuzi 180, na tofauti haikufika nyuzi 5. Tatizo lilikuwa ndani ya dumu. Mkoa wetu na Singida ni mikoa ya alizeti, na mafuta ya kukamuliwa kwenye mashine za mtaani yana ladha nzuri mno kwenye mboga, mimi mwenyewe ndiyo ninayotumia nyumbani. Ila hayajasafishwa, yana mashapo, na yanaanza kutoa moshi kabla hayajafika joto la kukaangia chipsi. Tulipohamia alizeti iliyosafishwa kiwandani moshi ulikwisha. Povu lilipungua viazi vilipoanza kukaushwa kwa kitambaa na chumvi kuwekwa kwenye sinia, mbali na tenki.

Jambo lililobaki gumu kulitoa kwenye mikono ya watu ni kuzungusha themostati hadi mwisho wakati wa haraka. Themostati haiongezi nguvu ya moto. Inaamua tu moto ukate wapi. Ukijaza kikapu viazi vya baridi hadi juu, mafuta yanapoa na chipsi zinanyonya mafuta, hata ukiweka 200. Nusu kikapu inaiva haraka kuliko kikapu kilichojaa, na sasa wapishi wenyewe ndio wanaowaambia wapishi wageni hivyo.

Kwa anayetaka kununua: regulata haiji na mashine, na ile ndogo ya mtungi wa nyumbani haitoshi matenki mawili yakiwaka pamoja. Soma presha iliyoandikwa kwenye kibati cha mashine kabla ya kwenda dukani. Bomba la kutolea mafuta liko chini mno, ndoo ya kawaida haiingii, hivyo tunatumia sufuria pana na fupi, tena mafuta yakiwa yamepoa kabisa. Nimemwomba fundi atuchongee kistendi cha kuinua mashine, ila amesema ataifanya tu tukikubali kuifunga miguu kwa bolti sakafuni, maana mashine yenye mafuta ya moto haitakiwi kutikisika. Tumekubali.