N++: levo walizotengeneza wachezaji ndizo zinazonifanya niipe nyota zote tano

Anayenunua gemu ya N++ kwa ajili ya levo 4,340 ambazo Metanet Software walizitengeneza wenyewe hajapunjwa hata kidogo. Ila mimi nyota zangu nazitoa kwa kile kilichojaa upande wa pili wa menyu, yaani levo za wachezaji. Humo ndimo nilimoona ninja unayemchezesha akifanya mambo ambayo levo rasmi hazijawahi kumdai.

Kwa asiyeijua gemu: vibonye ni vitatu tu, kushoto, kulia na kuruka. Unaanza na sekunde 90, kila kipande cha dhahabu kinakuongezea sekunde 2, unagusa swichi, mlango unafunguka, unatoka. Ninja hana silaha yoyote. Ana kasi yake na ukuta wa kujisukumia, basi.

Utamaduni wa kutengenezeana levo ni wa tangu mwanzo kabisa. Raigan Burns na Mare Sheppard wa Metanet, Toronto, walipoitoa bure N, gemu iliyoitangulia hii, mwaka 2004 kwa Flash, teknolojia ya zamani ya gemu za kwenye kivinjari, levo nzima ilikuwa mstari mrefu wa herufi na namba. Unaunakili, unaubandika, unacheza. Hazina ya levo hizo ikaitwa NUMA. Katika N++, iliyotoka PlayStation 4 mwaka 2015 na Windows mwaka uliofuata, sehemu ya kutengenezea iko ndani ya gemu yenyewe, na ubao umepanuka kutoka vigae (miraba inayounda levo) 31 hadi 42 kwa upana. Kimo kimebaki vigae 23. Levo yote inaonekana kwenye skrini moja, hakuna kusogea, kwa hiyo mtengenezaji hana pa kuficha makosa yake.

Jambo la kwanza ninaloangalia nikifungua levo ya mtu ni nafasi kati ya mabomu, ambayo ninja akiyagusa anakufa. Kigae ni pikseli 24, ninja ana upana wa pikseli 20, na bomu ni kama pikseli 8. Chukua njia yenye kimo cha vigae viwili, uweke bomu katikati yake sawasawa: juu zinabaki pikseli 20, na chini 20. Hapo ninja hana hata pikseli moja ya ziada, hata kama kwa macho panaonekana pana. Mtengenezaji mzuri anajua kwamba vitu hukaa kwenye robo za kigae, kwa hiyo analishusha bomu robo moja, pikseli 6, na papo hapo njia ya juu inafunguka na ya chini inafungwa. Levo bora za mabomu zimejengwa hivyo. Utayaona mabomu machache, na kila moja limesogezwa robo huku na robo kule mpaka mruko mmoja tu ndio unaopita. Zile za kumwaga mabomu mia mbili ovyo nazifunga bila kujaribu mara ya pili, kwa sababu ukifa humo hujui umekosea nini.

Mapenzi yangu makubwa yako kwenye levo za mbio, na hapa naomba nikae kidogo. Ninja akikimbia kwenye sakafu tambarare kasi yake inagota kwenye takriban pikseli 200 kwa sekunde, yaani vigae 8 na kidogo. Skrini nzima anaivuka kwa sekunde 5 hivi. Akitaka zaidi ya hapo, lazima mtengenezaji ampe mteremko au kirushio, yaani kibao kinachomrusha akikigusa. Ukiruka wakati unateremka, mruko unakusukuma kufuata uso wa mteremko ulivyoelekea, kwa hiyo unaongezewa mwendo wa mbele. Levo nzuri ya mbio ni mlolongo wa zawadi za namna hiyo: mteremko, mruko, ukuta wa kujisukumia, mteremko tena, na kidole hakiachi kibonye cha mbele isipokuwa pale palipokusudiwa. Ukikosea kidogo hufi. Unapoteza kasi tu, na kule mbele mruko fulani unakosa kufika. Ndiyo maana mbio nzuri inafundisha: kosa lako linaonekana vigae kumi baada ya ulipolifanya, na unajifunza kulitafuta nyuma.

Mbio nyingi huharibikia chini ya maporomoko. Ninja hafi kwa sababu ya urefu wa kuanguka, anakufa kwa nguvu ya kugonga, na nguvu hiyo inategemea pembe. Ukianguka kutoka juu ya ubao hadi sakafu tambarare umekwisha. Ukiangukia kigae cha mviringo, mwendo wa chini unageuka kuwa mwendo wa mbele na unachomoka kama jiwe la kombeo. Mtengenezaji aliyebobea huweka mviringo mkubwa chini ya kila shimo refu. Asiyebobea huweka sakafu, halafu anashangaa kwa nini watu wanakufia mahali alipodhani ni pa kupumzikia. Dari nayo inaua vilevile, na kirushio kilichowekwa chini ya dari fupi ni kosa ninalokutana nalo mara nyingi mno.

Kuna aina nyingine ambayo mchezaji hagusi kitu. Wenyewe wanaiita DDA, kifupi cha Kiingereza cha Don't Do Anything, maana yake usifanye chochote. Unaanzisha levo, unaweka mikono mapajani, na ninja anarushwa, anadundishwa, anapita kwenye kijia huku roketi ikimkosa kwa unywele, mpaka anatua kwenye swichi na kuingia mlangoni. Inawezekana kwa sababu gemu haina bahati nasibu ndani yake: vibonye vilevile hutoa matokeo yaleyale kila mara, na hata marudio ya mchezo huhifadhiwa kama kumbukumbu ya vibonye tu. Kuitengeneza ni kazi ya subira isiyo na mfano. Unaweka kirushio, unaendesha, unaangalia alipofika, unaongeza ukuta, unaendesha tena. Lazima ujenge kutoka mwanzo kwenda mwisho, kwani ukisogeza kigae kimoja kwenye sekunde ya tatu, yote yanayofuata yanavunjika. Za ovyo humrusha ninja kati ya virushio viwili kwa nusu dakika. Zile bora zina mpangilio wa kuonyesha: hatari inakaribia, inakosa, nyingine inachukua zamu, na hakuna kitu kwenye ubao ambacho hakikutumika. Nikiona DDA ya namna hiyo huwa naiangalia mara tatu au nne mfululizo.

Upande wa mafumbo, N++ ilileta vitu viwili ambavyo wachezaji wamevifanyia maajabu. Cha kwanza ni bomu linalolala. Ukiligusa mara ya kwanza ni salama, ukiliacha tu linaamka, na ukirudi unakufa. Ukiyapanga haya kwenye njia panda, levo inakuwa sawa na kuchora umbo bila kuinua kalamu wala kupita nukta moja mara mbili. Cha pili ni ninja mwovu. Ukimgusa anaanza kukufuata kwa kuiga njia yako hatua kwa hatua, nyuma yako kidogo. Levo kali kuliko zote nilizozipenda zinatumia wazo moja dogo: swichi iko mwisho wa kijia cha kigae kimoja kisicho na njia ya pili. Ukiingia huku anakufuata, mtakutana uso kwa uso wakati wa kutoka. Kwa hiyo lazima umalize kijia hicho kabla ya kumwamsha, na mtengenezaji hodari amemweka mahali ambapo utashawishika kumgusa mapema.

Levo za roketi sina mengi ya kuzisemea. Mtambo mmoja hurusha roketi moja kwa wakati, na ile iliyoko hewani ikilipuka ndipo nyingine inakuja. Mtambo mmoja uliokaa vizuri katikati unatosha kabisa. Minne ni fujo.

Dhahabu ndiyo inayonionyesha kama mtengenezaji alifikiri. Kila kipande ni sekunde 2, na muda unaobaki ndio alama yako, kwa hiyo kukifuata kuna faida pale tu safari yake ikichukua chini ya hapo. Levo nzuri inaweka vipande ambavyo njia ya kawaida inavifikia kwa sekunde tatu, na njia ya ujasiri kwa moja na nusu. Hapo anayetaka kumaliza anamaliza, na anayetaka kupanda kwenye jedwali la alama ana kazi ya wiki nzima. Dhahabu iliyopangwa kama mapambo, mistari mirefu kila kona, inaua hamu hiyo, kwani kuokota kunageuka kibarua.

Kwa anayetaka kutengeneza: rangi hazimo mikononi mwako, kila mchezaji anajichagulia zake, kwa hiyo umbo la vigae peke yake lieleze njia iko wapi. Anza na vigae, swichi na mlango. Usiweke bomu hata moja. Kimbia humo mara ishirini, ukaone ninja anapenda kuruka wapi, kisha weka bomu la kwanza robo moja ya kigae nje ya mruko huo.