Ampli na spika za mtumba kutoka kwa fundi wa Katwe, Kampala, miezi saba baadaye

Nianze na bei maana najua ndio mnatafuta. Ampli, yaani mashine ya kukuza sauti, laki tatu na themanini, spika mbili laki mbili na nusu, transfoma ya kushusha umeme elfu tisini, deki ya kaseti elfu sabini na hapo kwenye deki nilibembeleza mpaka koo likakauka. Jumla laki saba na elfu tisini, shilingi zetu za Uganda. Kwa pesa hizo unapata wufa, yaani sabufa ya kudunda besi, mpya kabisa kwenye karatasi yake, ina taa za kuwaka rangi rangi, rimoti, Bluetooth, tundu la flashi, na bado chenji ya boda inabaki. Mke wangu aliniuliza kwa nini sikununua hiyo na siku ile sikuwa na jibu.

Mimi nimekulia kambini Rubongi kule Tororo, baba alikuwa askari, na kambini Kiswahili ndio lugha ya wote maana huyu Mlugbara huyu Mwiteso huyu Mjapadhola, bila Kiswahili hamwezi hata kugombana. Mpaka wa Kenya uko hapo karibu kwahiyo redio ya mzee ilikuwa inashika Nairobi vizuri kuliko Kampala, jioni akirudi anavua buti, anaweka redio dirishani, sisi tunanyamaza. Les Wanyika, Super Mazembe, Mbaraka Mwinshehe, Franco na TP OK Jazz, wote nimewasikia kupitia spika moja ndogo kama kisosi. Nyimbo hizo maneno nayajua yote mpaka pale msanii anapokohoa. Lakini kilichokuwa kinapigwa nyuma ya maneno, nimekuja kujua ukubwani, sikuwa nakijua kabisa.

Kabla ya Katwe nililiwa pesa kwanza. Kuna duka moja mjini, sitalitaja, niliona redio kubwa ya Kijapani imepangwa vizuri inang'aa, muuzaji akaiwasha pale ikaimba, nikalipa nikabeba. Kufika nyumbani nachomeka ukutani, ikatoa sauti sekunde tatu, halafu harufu, halafu moshi. Kumbe vitu vinavyotoka Japani vilitengenezwa kwa soko la kwao na umeme wa kwao ni volti 100, wetu ni 240, na pale dukani walikuwa wameichomeka kwenye transfoma iliyofichwa chini ya meza na hakuna aliyenieleza. Niliporudi nikaambiwa kitu kikishatoka mlangoni si chao tena. Kwahiyo kama hutabeba kingine kwenye haya maandishi beba hiki, geuza chombo utazame mgongoni kabla ya kutoa hela, kama imeandikwa AC 100V jua unahitaji transfoma, kama ni 120 ni ya Marekani nayo pia inahitaji, ikiandikwa 220 mpaka 240 chomeka ulale.

Sasa huyu fundi. Nilielekezwa na jamaa wa kazini, ukitoka Clock Tower unashika upande wa Katwe, unaingia vichochoro vya watu wanaochomelea mageti na wanaotengeneza majiko, masikio yanauma, na katikati ya kelele zile ndio mtu kakaa anasikiliza spika. Ni mtu wa Bukavu, Kongo, Kiswahili chake ni kile cha kwao, ampli ni ampli lakini spika anaziita bafle, na mteja yeyote mwenye kitambi ni Papa. Nilimpelekea ile maiti yangu ya Kijapani kwanza, akafungua, akanusa, akacheka kidogo. "Papa, hii ilikuwa inaomba mia moja, we umeipatia mia mbili makumi ine. Ingefanya nini?" Hakunitoza kwa kuifungua. Hapo nikaanza kumwamini.

Kilichonishinda kabisa ni jinsi anavyouza, maana haharakishi. Nilikuwa nimeipenda ampli moja nyeusi yenye taa nyingi, akanitoa hapo akanipeleka kwenye Kenwood ya rangi ya fedha ya miaka ya 80, kifuniko kina mikwaruzo, akanipa niinyanyue zote mbili kwa mikono. Ile yenye taa nyepesi kama kopo la biskuti, hii ya pili karibu nivunjike kiuno. Anasema uzito wake ni transfoma ya ndani na chuma cha kupoza, na hivyo ndivyo vinavyobeba muziki, taa hazibebi kitu. Halafu akazungusha kitufe cha sauti na ikakwaruza krrr krrr kwenye spika, nikadhani mbovu, akapuliza dawa ya kusafisha ndani ya kitufe, akazungusha mara ishirini hivi na ikanyamaza. Vumbi tu. Vitu vya miaka arobaini vina vumbi, nani hana.

Spika nazo alinifundisha kuzikagua na hii nimeshaitumia kusaidia watu wawili. Zile za zamani pembezoni mwa ile koni, yaani karatasi inayotikisika mbele, kuna duara la sponji, sponji hiyo inaoza yenyewe hata kama spika haikuguswa, ukiigusa inamomonyoka kama keki kavu. Za raba zinadumu zaidi. Zangu moja ilikuwa imeoza, akabandika duara jipya mbele yangu, akaiacha ikauke siku nzima. Kisha unasukuma koni taratibu kwa vidole viwili pande zote, ukisikia inakwaruza ndani basi koili, ule waya uliosokotwa nyuma ya koni, imegusa, achana nayo. Na betri moja ndogo ya tochi ya volti 1.5, ukigusisha waya koni inaruka mbele, ikirudi nyuma ujue umegeuza chanya na hasi.

Hilo la chanya na hasi lilinitia aibu. Nimefika nyumbani Kireka, nimefunga kila kitu, nimewasha, besi hakuna. Yaani muziki upo lakini kama umetolewa mifupa. Nikampigia kwa hasira, nafikiri nilisema neno tapeli, naye akanisikiliza mpaka mwisho halafu "Papa, waya moja umegeuza. Nyekundu kwa nyekundu, bana." Kweli. Spika moja ilikuwa inasukuma wakati nyingine inavuta, zinafutana zenyewe kwa zenyewe. Nikageuza, besi ikarudi sebuleni kama mgeni aliyekuwa amekaa nje muda wote akingoja afunguliwe. Nilimwomba radhi, akasema wengi wanapiga simu hiyo.

Sasa sauti yenyewe. Wimbo wa kwanza nilioweka ni Sina Makosa wa Les Wanyika, maana huo nimeusikia pengine mara elfu, na nilikuwa nimesimama nikakaa chini. Lile gitaa la ridhimu la Omar Shabani linalozunguka zunguka, hiyo kila mtu anaijua, ndio inayochezesha. Lakini chini yake kuna besi ya Tom Malanga, na miaka yote hiyo kwenye redio ya mzee haikuwepo, spika ya kisosi haiwezi kuitoa. Kwenye wufa ya shemeji yangu ipo lakini imekuwa mdundo tu, dum dum dum, noti zote sawa. Hapa nilisikia kwamba besi inaimba, ina maneno yake, inamjibu mwimbaji, inanyamaza pale inapotakiwa. Hilo ndilo jibu nililokosa siku ile mke wangu aliponiuliza. Wufa inakupa mtikisiko, dirisha linacheza, unafurahi, lakini ukiuliza gitaa la besi limepiga nini hakuna anayejua.

Baada ya hapo sikulala. Nikaweka Mario ya Franco ya mwaka 1985, ule wa kijana anayelishwa na mama mwenye hela, wimbo wenyewe unapita dakika kumi, na kumbe magitaa hayako mahali pamoja, moja limekaa huku lingine kule, kati kuna la tatu linaloshona, Wakongo wanaliita mi-solo, na sebene, ile sehemu ya kuchezesha magitaa yakitawala, ikiingia unaweza kumfuata mmoja mmoja kwa macho yaliyofumbwa kama unaangalia watu barabarani. Nikaweka Samba Mapangala ambaye naye alipitia Kampala miaka ya 70 kabla ya kwenda kuanza Virunga Nairobi. Nikaweka Afrigo, bendi iliyoanza 1975 na mpaka leo Moses Matovu anapuliza saksafoni, na pumzi yake niliisikia kabla ya noti yenyewe. Desemba ilipofika nikaweka nyimbo za Krismasi za Philly Lutaaya ambazo Uganda nzima hatuwezi kufunga mwaka bila hizo.

Kadongo kamu, muziki wa Kiganda wa kusimulia hadithi, ndio ilinishangaza zaidi, jina lenyewe maana yake kigitaa kimoja tu, na mimi mtoto wa kambi Luganda changu cha kubahatisha sikuwahi kuisikiliza kwa makini, nilikuwa naichukulia kama hadithi ndefu za wazee kwenye taksi. Paul Kafeero, mwimbaji wake mkubwa, kwenye spika hizi ni mtu amekaa kwenye kochi langu ananisimulia. Mke wangu, ambaye ni Muganda, siku hiyo alizima jiko akaja akakaa. Akawa ananitafsiria, na sehemu nyingine anacheka peke yake anakataa kutafsiri.

Mambo ya nyumbani sasa. Sebule yangu ni tailsi na mabati, kwahiyo mwanzoni sauti ilikuwa inapiga mwangwi kama kanisani, nikaongeza zulia na pazia zito, nikatoa spika kwenye kona maana kwenye kona besi inavimba, ikatulia. Mvua ikinyesha hakuna muziki, mabati yanashinda, unazima unangoja. Ampli inatoa joto juu, mke wangu siku ya pili tu alikuwa ameshaivalisha kitambaa cha kufuma kama TV, matundu yote yamezibwa, tulijadiliana, sasa vitambaa viko juu ya spika na amani ipo. Transfoma inaguruma kidogo, nimeificha nyuma ya kochi. Yaka, mita yetu ya umeme wa kulipia kabla, sijaona ikikimbia, pasi inakula zaidi. Umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo ndio hatari, nimeweka friji gadi, kile kifaa cha kukinga vyombo na umeme mbaya, kwenye soketi, fanya hivyo usibishane.

Kuna kitufe kimeandikwa Loudness. Wengi wanakiwasha hawakizimi. Sikio letu likisikia kitu kwa sauti ya chini linapoteza besi, kitufe hicho kinairudisha, kwahiyo ni cha usiku watoto wamelala na umeweka sauti ndogo. Ukiongeza sauti kizime, la sivyo ni matope. Na mimi sasa karibu kila siku nasikiliza kwa sauti ndogo, kitu ambacho sikutegemea, maana jirani yangu ana kafunda, yaani kibaa cha mtaani, na maspika yake yameangalia barabara mpaka saa nane usiku, na bado nikifunga dirisha nasikia gitaa langu.

Mabaya yapo. Fundi aliniambia Ijumaa, nilichukua vitu baada ya wiki tatu, kila nikipiga simu ni "kesho asubuhi". Risiti hakuna, waranti ni namba yake ya simu. Ile deki ya kaseti ni majuto, mkanda wa mpira ndani ulikuwa umeyeyuka kama lami, akabadilisha, mwezi wa tatu ukaanza kuteleza tena na sasa Mbaraka anaimba kama amelewa. Kaseti za mzee ziko thelathini na moja kwenye bati la biskuti, nyingi amerekodi kutoka redioni na mtangazaji anaingia katikati ya wimbo kutangaza vifo, lakini ndizo nilizonunulia deki, kwahiyo hapo namdai.

Na jambo moja ambalo si kosa la mtu, spika nzuri hazina siri. Nyimbo nyingi kwenye flashi yangu zilishushwa hovyo hovyo, kwenye simu zilikuwa sawa, hapa zinasikika kama zinapigwa ndani ya ndoo. Nimefuta kama nusu. Kama wewe muziki wako ni wa kusindikiza kuosha vyombo, au unapenda ngoma ikupige kifuani, nunua wufa na sitakucheka, hata hii Kenwood kwa sherehe ya uwanjani haitoshi, utaichoma.

Nampa nyota nne kwa tano, ile moja nimeishikilia mpaka deki ipone. Ukienda nenda kabla ya saa tano asubuhi wakati wachomeleaji hawajachanganya, beba wimbo wako mwenyewe unaoujua mpaka kikohozi, usikubali akupigie wake, ana mmoja unaofanya hata spika mbovu isikike nzuri na anajua anachofanya.