Katriji gani ununue kama rekodi zako ni za benga

Nilitupa elfu sita mia tano. Nasema nilitupa kwa sababu ile katriji, kile kidude chenye kinabeba sindano ya rekodi pleya, nililetewa na boda hadi mlangoni, sanduku safi kabisa, jina kubwa limeandikwa juu, muuzaji ameapa ni orijino, na nikaifunga, nikaweka rekodi, ikaimba vizuri mpaka nikampigia kakangu simu asikie. Shida ilikuja dakika ya tatu.

Wale wa benga mnajua venye wimbo huenda. Kwanza mwimbaji anasimulia, anataja watu, anasifu mtu na nyumbani kwao, gitaa linamjibu polepole, halafu sauti zinanyamaza na gitaa la solo linaingia mbio, ndio hiyo klaimaksi, hata mwenye alikuwa amekataa kucheza anaamka. Sasa kwa rekodi ya 45, ile ndogo ya wimbo mmoja kila upande, klaimaksi iko wapi? Iko mwisho, karibu na lebo. Na hapo ndipo katriji yangu mpya ilianza kelele kama mtu anakaanga omena kwa mafuta moto.

Nikadhani rekodi ndio imeisha. Hizi ni za baba, kuna Shirati Jazz ya D.O. Misiani, kuna Victoria Jazz ya Collela Mazee, George Ramogi kadhaa, zimekaa kwa sanduku la bati miaka mingi na joto la Kisumu mnalijua. Nikatoa nyingine, nikatoa nyingine, nane zote, na zote zilianza kukaanga omena mahali pamoja.

Jumapili nikaipeleka soko la Kibuye kwa mzee mmoja anarekebisha redio. Akachomoa sindano, akaweka ile lenzi ya mafundi wa saa kwa jicho, akanyamaza kidogo.

"Nyar Alego, hii kitu ulinunua ama ulipewa?"

"Nilinunua, jaduong'."

"Basi angalia mwenyewe."

Nikaangalia. Kile kijiti chembamba chenye kimebeba almasi kilikuwa kimelala kombo upande wa kushoto, na gundi imemwagika pale kinaingia. Feki. Nikamuuliza kama kinaweza kunyooshwa, akasema nitakivunja, na hata kingekuwa kimenyooka bado ningesikia kelele kwa sababu katriji yenyewe nilikuwa nimeifunga kwa macho tu bila kupima. Hiyo ya pili iliniuma kuliko ya kwanza kwa sababu hapo sina mtu wa kulaumu.

Kwa hivyo huu mwongozo sitaongea sana mambo ya besi na sauti tamu na rangi ya katriji, hizo utazisoma popote. Mimi naangalia kitu kimoja, inafanyaje kazi kwa mistari ya mwisho. Shida ni hesabu tu. Rekodi ya 45 inazunguka mwendo ule ule kutoka mwanzo hadi mwisho, lakini mduara unazidi kuwa mdogo, so kule nje sindano inapitia karibu sentimita 40 za mstari kila sekunde na kule ndani inapitia kama 26. LP, ile rekodi kubwa ya nyimbo nyingi, ni mbaya zaidi, inaanza na 51 hivi inamaliza na 21. Muziki ni ule ule lakini umebanwa kwa nafasi ndogo, mawimbi yamekaribiana, na sindano ya ncha nene haiwezi kuingia kwa zile kona, inaruka juu juu. Na mwanamuziki wa benga akaamua hapo ndipo ataweka gitaa la kasi.

Chaguo langu la kwanza ni Audio-Technica AT-VM95E na sifichi, naipendelea. Ncha yake ni ya yai, si duara, na ukiipima vizuri inafika karibu na lebo bila kulia sana. Inataka sindano ikandamize rekodi kwa uzito wa gramu 2.0, ukicheza kati ya 1.8 na 2.2 haina neno. Bodi yake, yaani katriji bila sindano, ina matundu ya skrubu yenye uzi tayari, huhitaji zile nati ndogo, na mwenye amewahi kutafuta nati ya ukubwa wa punje ya wimbi chini ya kochi usiku na tochi ya simu na stima imepotea atanielewa kwa nini naitaja. Lakini sababu kubwa ni kwamba unachomoa sindano tu na kuweka ingine ya ukoo huo huo wa VM95. Unaanza na E, pesa ikipatikana unanunua sindano ya ML peke yake, bodi inabaki pale pale kwa mkono wa rekodi pleya, hupimi upya kila kitu. Hiyo ML ncha yake imechongwa nyembamba sana, inagusa mstari kutoka juu mpaka chini, na ndiyo ilinifanya nisikie kwamba kwa ile klaimaksi kuna gitaa la pili. Miaka yote nilidhani ni moja! Kuna faida ingine pia, rekodi za wazee wetu zimeliwa na sindano za duara pahali pamoja pa ukuta wa mstari, na ncha nyembamba inaweza kuguza sehemu yenye haijaliwa. Si kila rekodi, zingine zimeisha zimeisha. Na bei ya ML inauma, ni zaidi ya mara mbili ya E, so usiikimbilie kabla hujajua kupima.

Ya pili ni Nagaoka MP-110, ya Japani. Gramu 1.8. Nimeisikia kwa rafiki yangu Milimani na kwa rekodi zenye mikwaruzo inasamehe kuliko yangu, kelele za vumbi hazikurukii usoni. Mwisho wa rekodi iko sawa, karibu na E kabisa. Ningeipa namba moja kama kuipata sindano yake hapa Kenya hakungekuwa vita.

Ya tatu ni Ortofon 2M Red, na najua hapa nitatukanwa kwa sababu kila mtu anayo, inakuja na rekodi pleya nyingi za Pro-Ject. Ni ya Denmaki, kampuni ya tangu 1918, inatoa sauti kubwa, milivolti 5.5 ukilinganisha na 4.0 ya VM95E, na kwa wimbo wa kwanza wa LP utaipenda. Ngoja ifike wa mwisho. Herufi S zinaanza kufyonza, ssss, kila neno. Ukishainunua dawa yake ni kuweka sindano ya 2M Blue, inaingia kwa bodi hiyo hiyo, lakini ukijumlisha hizo pesa mbili ungekuwa na ML na chenji ya samaki.

Za bei rahisi: AT3600L ncha yake ni duara, inataka gramu 3 hivi, inacheza, mwisho inalia. Zile za ndani ya rekodi pleya za sutikesi usiweke rekodi ya mzazi wako hapo.

Sasa mkono. Watu wananiuliza kama wanunue mkono mpya na mara nyingi jibu ni hapana, nunua katriji na upime mkono wenye uko nao. Shika kichwa cha mkono na vidole viwili, kitingishe polepole kabisa, ukisikia unacheza pale shingoni beringi zimelegea na hakuna katriji itakuokoa. Mikono ya herufi S, kama ya Technics SL-1200, kichwa kinafunguka na kufungwa na pete moja, so unaweza kufunga katriji ukiwa umeketi mezani kama mtu mwenye heshima zake. Mikono ya Rega imenyooka na haipandi wala kushuka, ukiweka katriji ndefu inabidi utafute washa, ile pete bapa, ya kuinua msingi. Rekodi pleya ya AT-LP60 yenyewe haina hata uzito wa nyuma wa kuzungusha, ile kachuma ya kusawazisha mkono, hiyo usipoteze muda kuipandisha daraja, weka pesa upate AT-LP120X ambayo inakuja na VM95E tayari.

Na wauzaji wa mitumba, hii ya kuuza rekodi pleya bila uzito wa nyuma muache! Nimeona tatu mwaka huu. Mtu anakwambia "hiyo ni kachuma tu siz, fundi atakuchongea." Bila hiyo kachuma mkono unadondoka kama jiwe.

Kupima ni hivi. Nyaya nne kwanza, nyeupe na bluu ni za spika ya kushoto, nyekundu na kijani ni za kulia, usivute waya, vuta kile kibanio na koleo ya nyusi. Halafu protrakta, ile karatasi yenye nukta mbili za kuweka ncha ya sindano. Wengi wanatumia ya Baerwald ambayo nukta zake ziko milimita 66 na 120.9 kutoka katikati. Mimi kwa rekodi za 45 natumia Stevenson, 60.3 na 117.4, kwa sababu nukta ya ndani imesogea kule kwa lebo, unapoteza kidogo katikati ya wimbo lakini unaokoa klaimaksi. Ukiwa na Technics kuna njia ya mkato, kutoka kwa ile washa ya kichwa hadi ncha ya sindano iwe milimita 52, basi.

Mimi protrakta yangu niliprintiwa saiba, nikapima jioni nzima, na bado ikalia. Kuja kuweka rula kwa ule mstari wa milimita 100 wenye huwa pembeni, ni 96. Kijana alikuwa ameibana itoshee karatasi. Jioni nzima, bana.

Uzito: toa kifuniko cha sindano, zungusha uzito wa nyuma mpaka mkono uelee wenyewe hewani, geuza namba iwe sifuri bila kugusa uzito, halafu zungusha vyote hadi 2. Kisha hakikisha na kamizani kadogo ka dijitali. Baba yeye alikuwa amegundisha shilingi ya zamani, ile kubwa, juu ya kichwa na plasta ya kidonda, ati isiruke. Niliipima, karibu gramu nane. Juu ya zile zilikuwepo. Ndio mnaona kwa nini nyingine zimeisha zimeisha.

Kununua sasa. Picha tamu, maelezo yote, bei "njoo inboksi". Unaenda inboksi anakuuliza uko wapi, ukisema Kisumu bei inapanda elfu moja kabla hata ya kutuma. Mwingine nilimuuliza kama anayo sindano ya ML akanijibu "sindano ni sindano mamii". Mimi sasa silipi kabla sijatumiwa picha ya sindano ikitazama kamera uso kwa uso, kijiti kimenyooka katikati, gundi haijamwagika. Mwenye anakataa kuipiga, naenda zangu.

Protrakta ya Stevenson ninayo hapa. Ukiwa Kisumu na unaitaka nitakutolea kopi, na rula nitakuja nayo.