Maabara ya vinyama Chumbageni: hadubini safi, mapokezi bado

Wanawake wenzangu wa Tanga mlioandikiwa kipimo cha kinyama cha mlango wa kizazi, maabara hii ya binafsi naisifu kwa kazi yake ya hadubini. Mapokezi ndiyo yanayoniudhi.

Nilikuwa natokwa na damu kidogo kila baada ya tendo la ndoa. Kwenye kipimo cha siki, yaani kupakwa siki kwenye mlango wa kizazi, daktari akaona pamekuwa peupe, akakata kinyama kama punje ya mchele, akakitia kwenye fomalini, dawa ya kuhifadhi, nikipeleke maabara. Kijana wa mapokezi akasoma fomu yangu kwa sauti, na benchi limejaa wanaume. Mambo hayo hayatangazwi barazani! Wampe chumba, au wamfundishe kunong'ona.

Majibu yalichelewa, nikaenda kudai. Mtaalamu mwenyewe, daktari anayesoma vinyama, akatoka kunieleza: kinyama kinakaa fomalini kisioze, kinatolewa maji kwa alkoholi, kinaingizwa kwenye nta, kinakatwa vipande vya maikroni 3 hadi 5 (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), ndipo kinatiwa rangi. Viini vya seli vinakuwa buluu iliyoiva, vilivyobaki waridi. Nikatulia. Kazi ya namna hiyo siiharakishi tena.

Siku ya majibu akanikalisha akanisomea, maana karatasi yote ni Kiingereza. Uvimbe sugu, yaani mlango wa kizazi umevimba na kuwaka kwa muda mrefu, si kinundu: limfosaiti na seli za plazima, ambazo ni seli za kinga ya mwili, zimejaa chini ya utando, tezi kadhaa zimeziba zikawa vifuko vya ute.

"Daktari, si saratani?"

"Hapana, mama. Hapa sikuona saratani wala mabadiliko yanayoitangulia. Lakini kinyama kinasema habari za pale kilipokatwa tu, na hakinionyeshi mdudu aliyeleta uvimbe. Mrudie daktari wako akupime magonjwa ya zinaa: kisonono, klamidia na trikomona. Na uchunguzi wa kila mara usiuache."

Maneno haya ndiyo yaliyonifanya niandike. Wangapi wanapewa karatasi ya "uvimbe sugu" wakaenda moja kwa moja duka la dawa kununua vidonge vya kubahatisha? Kwa maelezo yale peke yake ningerudi hata kwa bei mara mbili.

Mkienda, dai namba ya sampuli. Kinyama kilichobaki kwenye nta wanakihifadhi, na hospitali nyingine ikitaka kukisoma upya, hukatwi tena.