Tekken Tag Tournament 2: uzoefu wangu kuhusu wakati salama wa kubadilisha mpiganaji

Gemu hii ya mapigano, Tekken Tag Tournament 2, nimeicheza kwa miaka kadhaa kwenye PlayStation 3, nyumbani Tabata na katika vibanda vya gemu vya Sinza na Mwananyamala, na ninaandika tathmini hii kwa ajili ya mtu anayefikiria kununua diski yake iliyotumika, ambayo Kariakoo bado inapatikana ukiwa na subira ya kuulizia duka hadi duka. Ilitoka kwa mashine za nyumbani mwaka 2012, ina wapiganaji zaidi ya 50, picha zake bado zinapendeza na mwendo wake ni laini. Hayo yatosha. Kinachostahili kuandikiwa kwa kirefu ni kile kinachoitenga na Tekken za kawaida, yaani kumtoa mpiganaji wako na kumwingiza mwenzake pambano likiendelea, kwa kuwa hapo ndipo raundi nyingi hupatikana au kupotea.

Kila mchezaji huchagua wapiganaji wawili, na mmoja wao akiishiwa damu raundi imekwisha, hata kama mwenzake hajaguswa. Mtu aliyezoea gemu ambazo mpiganaji wa pili hubaki kuendeleza vita huchelewa kulielewa hili, naye humwacha uwanjani mpiganaji aliyebakiwa na damu kidogo akidhani bado ana akiba. Hana akiba yoyote. Kwa upande mwingine, sehemu ya damu iliyopotea hubaki ikionekana kwa rangi nyekundu kwenye kipimo cha damu, na nyekundu hiyo hurudi polepole mpiganaji akiwa nje. Kwa hiyo kila unapochapwa unakuwa na sababu mbili za kubadilisha, kumnusuru aliye ndani na kumpa nafasi ya kupona, na mpinzani wako anazijua sababu hizo kama unavyozijua wewe. Anakungojea ubonyeze.

Hatari yenyewe ni ya muda mfupi sana. Gemu huendeshwa kwa freimu (picha moja moja za mwendo) 60 kwa sekunde, na ngumi ya haraka ya mkono wa kushoto kwa wapiganaji wengi hufika katika freimu 10, yaani sehemu moja ya sita ya sekunde. Kubadilisha kwa kubonyeza kitufe tu, bila kitu chochote kilichotangulia, huchukua muda mrefu kuliko hapo: mmoja anaondoka, mwingine anaingia akikimbia, na katikati yao, kama abiria anayeshuka na anayepanda wanaposongamana kwenye mlango wa daladala, hakuna aliye tayari kwa lolote. Mpinzani aliyesimama karibu hahitaji hata ustadi. Teke moja la kuruka linamwinua anayeingia hewani, na kombo (mfululizo wa mapigo) inayofuata inaondoa damu nyingi kuliko ile uliyotaka kuiokoa.

Wakati salama, basi, ni ule ambao mpinzani hawezi kukufikia, na hauji wenyewe bali hutengenezwa. Mfano ninaoupenda ni mpiganaji Paul. Ile ngumi yake kubwa, inayoingizwa kwa kuzungusha kitufe cha mwelekeo robo duara kwenda mbele pamoja na ngumi ya kulia, ikimpata mtu humtupa mbali mno, na mpaka ainuke na kusogea mbele, mwenzako amekwisha kuingia na kusimama vizuri. King naye ana ule mtupo wa kumzungusha mtu kwa miguu na kumwachia, nao hutoa umbali wa namna hiyohiyo. Lakini si kila anguko ni ruhusa ya kubadilisha. Mtu aliyeangushwa miguuni pako anaweza kuinuka na teke, na teke hilo humkuta anayeingia akiwa bado mbioni, hivyo mimi hutazama kwanza umbali, kisha ndipo nitazame kama yuko chini. Ukubwa wa uwanja nao una neno: katika viwanja visivyo na kuta mtu huenda mbali kweli, ilhali penye ukuta karibu, aliyetupwa hugonga hapo na kubaki jirani, na hapo ni heri kuendelea kumpiga kuliko kukimbilia kitufe.

Njia salama kupita zote ni kubadilisha mpinzani akiwa hewani. Mapigo mengi yanayomrusha mtu juu hukubali kitufe cha kubadilishana mara tu yanapogusa, mwenzako akaingia wakati mpinzani bado anaelea, naye akaimalizia kombo. Anayeelea hawezi kujikinga wala kukurudishia, kwa hiyo mabadiliko hayo hayana gharama ya usalama. Gharama yake ni kwamba lazima kwanza pigo lako limpate. Ipo pia Tag Assault, ambapo unambamiza chini mpinzani aliye hewani, unabonyeza kitufe, na mwenzako anaingia mpige pamoja kabla hujaamua nani abaki uwanjani. Mpwa wangu, ambaye ana mikono myepesi kuliko yangu, huitumia hata pale ambapo mwenzake ana damu kidogo kuliko aliyekuwa ndani, kwa sababu kombo yake inapendeza macho. Nimekwisha kumwambia mara nyingi, "Mwanangu, tazama vipimo kwanza," naye hujibu, "Sawa, mjomba," huku akibonyeza.

Hasira ya mwenzako ndiyo hesabu ya pili. Mpiganaji aliye nje akiona mwenzake anapigwa sana hukasirika, kipimo chake kikaanza kuwaka, na akiingia katika hali hiyo mapigo yake huumiza zaidi kwa muda. Hapo kishawishi cha kumwingiza mara moja ni kikubwa, na wachezaji wazuri wa vibandani hukitegea: wakiona kipimo kinawaka husogea karibu na kukaa tu, wakijua kitufe kitabonyezwa. Kwa maoni yangu hasira ni ya kushikilia mpaka nafasi ya kweli ipatikane. Inakupa pia mlango wa dharura, kwa maana ukiwa umelala chini na mwenzako amekasirika unaweza kumwita aingie kwa kishindo akuokoe, lakini hasira yote huteketea hapo hapo, na mpinzani aliyeitarajia hujikinga tu kisha akaanza upya juu ya huyo aliyeingia. Naiona kama njia ya kuokoa raundi inayoponyoka, na sioni sababu ya kuitumia kila unapoangushwa.

Kuna nyakati ambazo kutobadilisha ndiyo busara. Nyekundu ikiwa ndogo, hakuna cha kupona huko nje. Mpinzani akikosa pigo zito mbele yako, mwadhibu kwanza, maana nafasi hiyo ina thamani kuliko pumziko. Na ukikutana na mpiganaji Eddy mikononi mwa kijana anayebonyeza mateke bila kukoma, jambo la kawaida sana vibandani, usijaribu kutoka katikati ya mateke hayo. Yazuie, ungoje aishe, halafu umrushe hewani.

Lawama yangu ni kwamba gemu haifundishi haya. Sehemu ya Fight Lab, yenye roboti Combot, hukuonyesha kitufe na utaratibu wake kwa namna ya kuchekesha, ila ni lini ukibonyeze inakuachia uvumbue mwenyewe kwa kuchapwa. Uwanja wa mazoezi unasaidia zaidi, kwa sababu unaweza kumrekodi mpinzani akirusha teke la kuinukia, ukapima ni umbali gani hakufikii. Mgeni asiye na mtu wa kucheza naye atakata tamaa mapema.

Tekken 7 na Tekken 8 zimerudi kwenye pambano la mmoja kwa mmoja, kwa hiyo anayetaka ladha hii ya wawili kwa wawili kupitia diski hii hana budi kutunza PlayStation 3, kwani diski yake haifanyi kazi kwenye PlayStation 4 wala 5. Kwangu mimi inastahili. Unaponunua, omba duka liiwashe mbele yako, ucheze hata raundi moja, na ukague pedi ya kuchezea, hasa kitufe ulichokiwekea kubadilishana: pedi zilizotoka vibandani mara nyingi huwa na kitufe kinachoitikia kwa kuchelewa au kinachotaka kukandamizwa kwa nguvu. Kama ni hivyo, hamishia kazi hiyo kwenye kitufe kingine katika mipangilio, au omba upunguziwe bei ya pedi.