Kupima mishipa ya figo mjini Dodoma: kipimo kizuri, ratiba ya kuudhi

Mama yangu, mkazi wa Mpwapwa, ameishi na kisukari kwa miaka 14, na shinikizo lake la damu lilikuwa limegoma kushuka ingawa alikuwa akimeza dawa za aina tatu, mojawapo ikiwa ya kukojoza, bila kuruka dozi. Alipoanzishiwa losatani, dawa nyingine ya presha, kreatinini (taka ya damuni inayoonyesha figo zinachuja vipi) ilipanda kwa zaidi ya asilimia 30 ndani ya wiki mbili. Daktari wake akaisimamisha dawa hiyo na kumwandikia altrasaundi ya Dopla, inayopima mwendo wa damu, ya mishipa inayopeleka damu kwenye figo, nasi tukaenda katika kliniki moja ya binafsi hapa Dodoma, ambayo sitaitaja jina.

Nianze na lililoniudhi. Tuliagizwa tufike saa 1 asubuhi, mgonjwa akiwa hajala kwa saa nane, kwa kuwa gesi na chakula tumboni huficha mishipa hiyo. Agizo hilo ni sahihi, ila hakuna aliyeuliza kama mama anachoma insulini, wala aliyemweleza aifanyeje dozi ya usiku. Foleni ilifuata namba za risiti. Ilipofika saa 4 kasorobo mikono yake ilianza kutetemeka, na ukingo wa mtandio ulikuwa umelowa jasho. Kipimo cha kidoleni kikasoma sukari 3.4, yaani imeshuka mno. Muuguzi alimkorogea glukosi upesi, na hapo ndipo alipopitishwa mbele. Mgonjwa wa kisukari aliyeambiwa akae na njaa anapaswa kuwa wa kwanza kuingia, si kusubiri mpaka sukari ishuke.

Chumbani mambo yalikuwa tofauti kabisa. Daktari alimwamkia mama, akapasha jeli moto kabla ya kumpaka, na kwa takriban dakika 40 akawa anamwomba abane pumzi, aachie, ageuke ubavu, huku mashine ikitoa mvumo kama wa upepo kwenye mabati. Figo ya kulia ilikuwa na urefu wa sentimita 10.4, ya kushoto 8.6. Kwenye ateri ya kushoto damu ilikuwa ikipita kwa kasi ya sentimita 290 kwa sekunde, ilhali ikizidi 200 hivi mshipa hushukiwa kuwa umebanwa sana.

Alitueleza kwamba mafuta yaliyojijenga kwenye ukuta wa ateri, jambo ambalo kisukari na presha huliharakisha, huipunguzia figo damu, nayo hudhani mwili mzima umepungukiwa. Hivyo humwaga renini, ambayo huanzisha mfululizo wa kemikali wa kukaza mishipa na kuzuia chumvi isitoke, na presha ikazidi kupanda. Losatani hulegeza mshipa mdogo unaotoa damu kwenye chujio la figo, na pale ambapo damu inayoingia tayari ni haba, msukumo wa kuchuja huanguka. Kwa mara ya kwanza nikaelewa ile kreatinini ilitoka wapi.

Kilichonifanya niwape alama nyingi ni kwamba hakuharakisha kutuuzia upasuaji. Alisema kuzibua mshipa na kuweka stenti, yaani kibomba cha wavu kinachouacha wazi, hakumfai kila mtu: utafiti wa CORAL wa wagonjwa 947, uliochapishwa mwaka 2014, haukuona stenti ikiongeza kinga dhidi ya mshtuko wa moyo, kiharusi au figo kuharibika kuliko dawa peke yake. Stenti huzingatiwa zaidi kwa wale ambao mapafu hujaa maji ghafla mara kwa mara, au figo zinazoporomoka haraka, au presha isiyosikia dawa yoyote. Akaandika barua ya kumrudisha kwa daktari wake, akipendekeza dawa ya kushusha lehemu na kreatinini ipimwe tena.

Bei haikubandikwa popote, unaambiwa dirishani. Ripoti ilitoka siku hiyo hiyo, picha zikiwa zimeambatanishwa, ila umri wa mama uliandikwa miaka 26 badala ya 62, ikabidi turudi kuurekebisha. Tutapima tena baada ya miezi sita, na safari hiyo nitapiga simu siku moja kabla kuomba namba ya kwanza.